Mshale Uliosema Arobaini

Nilimwahidi baba yangu mkubwa kwamba nitatamka mbele ya watu kile ambacho mita ya mwendo ya gari lake itasema, hata ikisema dhidi yake. Nilitoa ahadi hiyo nikiwa nimelala chali sakafuni mwa landrova ambayo haikuwa imewashwa kwa miaka minne, kichwa changu kikiwa chini ya dashibodi na vumbi la Garissa likiniingia machoni. Yeye alikuwa amesimama nje ya mlango, ameegemea bakora.

"Usinitetee, adeer," aliniambia. "Ipime. Ukimaliza, sema."

Kwetu sisi Wasomali, baba mkubwa na mtoto wa ndugu yake huitana kwa neno hilo moja, adeer, kila mmoja akimwita mwenzake. Kwa hiyo nami nilimjibu, "Haye, adeer. Nitasema." Sikujua wakati huo kwamba neno hilo la mwisho lingekuwa gumu kuliko kazi yenyewe.

Jambo lilikuwa hivi. Miaka minne kabla ya siku hiyo, kwenye barabara ya udongo inayoelekea Bura, adeer aligonga ngamia jike wa mama mmoja mfugaji. Ngamia akafa palepale. Adeer hakukimbia. Alikaa kando ya mzoga mpaka mwenyewe akaja, na wazee walipokutana alikubali kulipa, akalipa kwa mifugo yake kama desturi inavyotaka, na hapo shauri lingeisha. Lakini wazee walimuuliza alikuwa akienda mwendo gani. Akaapa kwamba mshale wa mita ulikuwa kwenye arobaini.

Miongoni mwa wazee hao alikuwamo mmoja aliyewahi kuendesha malori hadi Mandera enzi za ujana wake. Alikwenda kuzitazama alama za matairi udongoni, akazipima kwa hatua, akarudi na kusema kwamba gari la mwendo wa arobaini haliburuzi tairi umbali ule. Kila mtu alielewa kwamba adeer ameapa uongo.

Mtu aliyeonekana kuapa uongo hafungwi wala hatozwi kitu kwetu. Haitwi tena, basi. Kabla ya siku ile, watu walipogombania zamu ya kisima, au walipotaka shahidi wa mahari, adeer alikuwa wa kwanza kutumiwa ujumbe. Baada ya siku ile wajumbe walipita mbele ya lango lake wakiwasalimu waliokuwa ndani, kwa adabu kamili, wakaenda nyumba ya tatu. Akaifunika landrova kwa turubai. Kwa miaka minne alikwenda msikitini kwa miguu na kurudi kwa miguu, na nyumbani hakuna aliyelitaja gari lile.

Mimi nilikuwa chuoni. Nilisomea ufundi wa vyombo vya kupimia, stashahada ya miaka mitatu, na wenzangu wengi sasa wako kwenye mitambo mikubwa ya miji mingine, wakitazama skrini ndani ya vyumba vyenye kiyoyozi. Mama yangu alitumaini nitaomba kazi ya ofisini. Nilirudi Garissa nikafungua meza ya kazi ndani ya kontena, ubavuni mwa gereji ya fundi mmoja aliyetoka bara, nikaandika kwa mkono juu ya mlango kwamba ninatengeneza na kusawazisha spidomita za magari ya zamani. Watu walisoma, wakacheka, wakapita.

Nao sikuwakasirikia. Sikukubaliana nao tu. Bado mkoa wetu una magari ya umri wa wazazi wangu, landrova na malori yenye pua ndefu, yanayobeba maji, mbuzi, wagonjwa na maharusi, na karibu kila moja kati ya hayo lina mshale uliokufa au mshale unaosema uongo. Watu wameuzoea uongo huo kiasi cha kuuona kama hali ya hewa. Mimi nilifundishwa kwamba chombo cha kupimia kikikosea bila mtu kujua, madhara yake hulipwa na yule aliyekiamini. Nililiandika hilo daftarini siku niliyolisikia, na sijapata sababu ya kulifuta.

Fundi jirani yangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mdomo tu.

"Wewe Diploma," aliniita hivyo siku zote, "hii mita ya mzee ya nini? Simu yako ina mwendo, ina ramani, ina kila kitu. Bandika simu kwa dashibodi, kazi kwisha."

"Simu yangu haikuwa kwenye gari lile siku ile," nilimjibu. "Mita ilikuwapo."

"Sasa unafufua kesi ya ngamia? Ngamia ashaliwa, buda." Akajifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Sikiliza. Kuna jamaa Nairobi anakusanya landrova za zamani. Hii ni safi, haina kutu. Isafishe mita, ing'arishe kioo, aichukue. Mzee apumzike."

Hapo ndipo nilipoona hatari iliyokuwapo. Kama ningeisafisha mita ile kabla ya kuipima, ushahidi wote ungeoshwa pamoja na uchafu. Spidomita safi ingesema kweli, na kweli hiyo ingemhukumu adeer mara ya pili, safari hii kwa mkono wangu. Nilimwambia fundi asiiguse. Nilifunga mlango wa landrova na kuweka ufunguo mfukoni.

Acha nieleze chombo chenyewe, maana hakina siri. Kebo nyembamba hutoka kwenye giaboksi na huzunguka kadiri magurudumu yanavyozunguka. Ncha yake ya juu huzungusha sumaku iliyo ndani ya spidomita. Sumaku hiyo huvuta kikombe chepesi cha aluminiamu bila kukigusa, na kikombe hicho ndicho kilichobeba mshale. Springi nyembamba kama unywele hukizuia kikombe kisizunguke moja kwa moja. Gari likienda kasi, sumaku huvuta zaidi, springi huachia kidogo kidogo, mshale hupanda. Ukweli wote wa mwendo wa gari huning'inia kwenye ukinzani wa unywele ule.

Nilipoichomoa kebo upande wa juu, kidole changu kilitoka na kitu cha rangi ya asali chafu, kigumu kama nta. Nilikinusa. Nilikijua kabla sijamaliza kunusa, kama ambavyo mtu yeyote aliyelelewa kwetu angekijua.

"Adeer," niliita kutoka chini ya dashibodi. "Nani alitia mafuta kwenye kebo hii?"

"Mimi."

"Mafuta gani?"

"Ya mkia wa kondoo. Ilikuwa inapiga kelele."

Mafuta ya mkia wa kondoo! Nyumbani kwetu mafuta hayo huponya kila kitu. Hupakwa kwenye kamba za kupakizia ngamia zisikatike, kwenye ngozi zisipasuke, kwenye magoti ya bibi, kwenye bawaba za milango. Bibi alimfundisha hivyo, na adeer aliitazama kebo ile, akaona kamba, akaipaka kama kamba. Hakuna fundi wa Nairobi ambaye angefanya kosa hilo. Lilihitaji mtu aliyelelewa kwa upendo katika kambi ya wafugaji.

Lakini kebo ya spidomita imesokotwa kwa nyaya, na msokoto huo, ukizunguka, hupandisha mafuta juu kama parafujo. Kwa joto letu mafuta huyeyuka. Yanapanda, yanaingia ndani ya spidomita, yanachanganyika na vumbi, na yakipoa hugandisha mizunguko ya springi hadi ishikamane. Springi iliyoshikamana ni ngumu kuliko ilivyotakiwa kuwa. Mshale hauinuki inavyopasa. Gari linakimbia, mshale unasema linatembea.

Tena kulikuwa na matairi. Adeer alikuwa ameyatoa yale ya awali akavika makubwa zaidi, ya kupitia mchanga, kama wafanyavyo madereva wote wa huku. Tairi kubwa huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, na mita haijui kwamba tairi limebadilishwa. Makosa mawili, yote yakivuta upande mmoja.

Nilitoka chini ya gari nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akitazama gurudumu la mbele.

"Kwa hiyo mshale ulisema arobaini," alisema.

"Huenda ulisema arobaini. Lazima tupime."

"Na aliyeufanya useme hivyo ni mimi."

"Ndiyo, adeer."

"Na hilo pia utalisema."

Nilitamani aniambie nisilitaje. Ningekataa, lakini ningefarijika kuombwa. Hakuniomba.

Tuliliwasha gari baada ya siku mbili za kubadilisha betri na kusafisha njia ya petroli. Fundi jirani alitusaidia bila kuacha dhihaka. Alijaza upepo kwenye matairi yaleyale ya siku ile, yaliyokuwa yameanza kupasuka pembeni, na akasema yakidumu hadi Bura atafunga Ramadhani pamoja nasi, ingawa ni mtu wa kanisani. Tukaenda kwenye sehemu iliyonyooka ya barabara ileile. Nilikuwa na utepe wa kupimia wa mita hamsini. Niliutandaza mara ishirini, nikaweka rundo la mawe yaliyopakwa chokaa mwanzoni na lingine mwishoni. Kilomita moja kamili. Katika kilomita moja, gari linaloenda arobaini kweli hutumia sekunde tisini. Si jambo la kubishaniwa. Ni hesabu ya shule ya msingi.

Sikutaka kupima peke yangu na kuleta karatasi. Karatasi ya mtoto wa ndugu haiaminiki, na ndivyo inavyostahili. Nilimwendea yule mzee aliyekuwa dereva wa malori, yule aliyezipima alama kwa hatua, nikamwomba aje akae kwenye kiti cha abiria ashike saa. Alinitazama juu ya kikombe cha chai ya maziwa.

"Waryaa, kijana. Unataka nije nishuhudie kwamba nilikosea?"

"Hapana, mzee. Ulisema gari lilikuwa linakimbia. Nadhani ulisema kweli. Nataka ushuhudie mshale."

Alimaliza chai bila haraka. Kisha akasimama na kuuliza gari liko wapi.

Mama mwenye ngamia alikuja bila kualikwa. Malisho yake yako upande ule, na habari kwetu hutembea haraka kuliko gari lolote. Alisimama kando ya rundo la mawe la mwisho akiwa na fimbo mabegani, na adeer aliposhuka kumsalimu, aliitikia salamu tu.

Adeer akaendesha. Mzee akashika saa ya simu yangu. Mimi nilikaa nyuma, macho yangu kwenye mshale. Asubuhi ilikuwa bado na ubaridi. Adeer alishikilia mshale kwenye arobaini, na nyuma yetu vumbi lilikuwa refu kuliko linavyopaswa kuwa. Tulipopita mawe ya mwisho, mzee alibonyeza simu, akaitazama, akaisogeza mbali na macho, akaitazama tena.

"Sitini na mbili," alisema.

"Sekunde sitini na mbili ni mwendo wa hamsini na nane," nikasema.

Tukarudia. Sitini na tatu. Tukarudia tena. Sitini na mbili. Mzee akaniomba nimwonyeshe hesabu, nikaiandika kwa kidole kwenye vumbi la boneti, akaifuata hatua kwa hatua, midomo ikicheza.

Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nikiliogopa tangu siku ya kwanza. "Mafuta haya yamekaa miaka minne. Yamekauka. Siku ile yalikuwa mabichi, na ilikuwa alasiri, jua kali. Utajuaje kwamba siku ile mshale ulisema hivi?"

Ningeweza kumjibu kwa maneno ya chuoni ambayo asingeyaelewa. Wapo wanaofanya hivyo, na huitwa wataalamu. Nikamwambia, "Sijui, mzee. Tusubiri alasiri tupime tena."

Tulisubiri. Tuliketi katika kivuli cha gari lenyewe, tukihama kadiri kivuli kilivyohama, tukaswali adhuhuri mchangani, tukanywa maji ya mtungi wa adeer. Bonde zima lilikuwa likichemka. Fundi angesema tumechomwa na jua kwa ajili ya ngamia aliyeliwa. Alasiri ilipofika, bati la dashibodi lilikuwa la kuunguza mkono, na mafuta ndani ya spidomita yalikuwa yamelainika. Nililiona hilo kwa namna mshale ulivyopanda kwa wepesi zaidi. Tukapita kilomita yetu mshale ukiwa kwenye arobaini.

"Sabini," mzee alisema.

Sekunde sabini ni mwendo wa hamsini na moja. Ilikuwa pungufu ya asubuhi, na namba ya asubuhi ilikuwa tamu zaidi kwetu, kwa kuwa ilizieleza vizuri zaidi zile alama za matairi. Ningeweza kunyamaza. Niligeuka nikasema kwa sauti, ili na yule mama aliyesogea dirishani asikie:

"Chombo kinasema hivi. Mshale ukiwa kwenye arobaini, gari hili lilikuwa likienda kati ya hamsini na sitini. Mwendo wenyewe wa siku ile hatuwezi kuujua zaidi ya hapo. Aliyeapa kwamba aliona arobaini, aliona arobaini. Lakini mita iliharibiwa na mafuta ya mkia wa kondoo, na aliyeyatia ni adeer wangu. Matairi makubwa aliyavika yeye. Hakudanganya. Alikosea, na kosa ni lake."

Adeer alikuwa amekamata usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limesimama. Aliutazama uso wa mita, ule mshale uliokuwa umerudi kwenye sifuri, na akasema kwa sauti ya chini, "Ndivyo."

Mama mwenye ngamia akainama dirishani. "Ngamia wangu hakuuliza mita inasema nini."

"Kweli," adeer alijibu.

"Miaka minne nimekukasirikia kwa kunidanganya." Akaibadilisha fimbo yake bega. "Sasa itanibidi nianze upya, nikukasirikie kwa ujinga."

"Nakubali hiyo," adeer akasema, na hapo nikaona meno yake kwa mara ya kwanza tangu nirudi kutoka chuoni. Mama hakucheka, lakini aliomba kupelekwa kwa gari hadi kisimani, na alikaa mbele.

Niliisafisha spidomita wiki iliyofuata. Niliosha springi kwa petroli safi, nikatenganisha mizunguko yake kwa koleo ndogo na pumzi iliyozuiliwa, nikabadilisha kebo, kisha nikarekebisha mvuto wake ili ikubaliane na matairi makubwa. Tulirudi kwenye mawe yetu ya chokaa. Arobaini ya mshale ikachukua sekunde tisini. Fundi jirani, aliyekuja safari hii akiwa ameketi nyuma, alidai simu yangu imepungukiwa chaji, akapima kwa simu yake. Tisini. "Diploma," alisema, akairudisha simu mfukoni. Hata hivyo bado ananiambia kila wiki kwamba jamaa wa Nairobi anasubiri gari.

Haliuzwi. Na si kila kitu kilirekebishika. Yule mzee wa malori alisimulia alichokiona, kwa uaminifu, mahali pawili au patatu, na mwezi uliopita mjumbe alisimama mbele ya lango la adeer, akamwita aende kusikiliza shauri la kisima. Alikwenda kwa landrova. Lakini wapo ambao hawakuwapo barabarani siku ile, na kwao hadithi ya mwanzo ni nyepesi zaidi kuibeba. Nimewasikia sokoni. Nimewasikia hata nje ya msikiti. Wanasema kijana alisomeshwa ili aje amtakase mzee wake kwa hesabu. Sitawanyamazia, na sitachoka kuwaalika. Mawe yangu mawili yapo bado kwenye barabara ya Bura, chokaa nimeipaka upya, na kila mwenye gari la zamani na saa ya mkononi anaweza kwenda kupima bila kuniuliza mimi.

Nawe uliyesoma hadi hapa, ninakuomba jambo moja tu. Siku utakapofika Garissa ukasikia kisa cha mzee na ngamia wa Bura, na msimuliaji akafika mahali pa kiapo, msimamishe. Mwambie: alikosea, hakudanganya.